Nimenunua boksi la mikanda ya video ya watu nisiowajua. Niifanyeje?

Mgosi wa Ohio

Wakuu salaam. Naomba mnicheke mkishamaliza kusoma, si kabla.

Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa tisa. Napiga zamu ya usiku kwenye ghala. Jumamosi natoka saa kumi na mbili asubuhi, na badala ya kwenda kulala kama watu wenye akili zao, nawasha gari kutafuta mauzo ya gereji. Kwa ambao hawajayaona: kuanzia mwezi wa tano hivi mpaka baridi irudi, watu wa huku wanafungua gereji zao wikiendi, wanatoa nje meza za kukunja na kubandika bei kwenye kila kitu walichokichoka, kuanzia vikombe mpaka mashine ya kukatia nyasi. Njia panda unakuta kibao cha karatasi ngumu kimepigiliwa kwenye nguzo, unafuata mshale. Wengine wanawahi vifaa vya ufundi, wengine nguo za watoto. Mimi nawahi mikanda ya video. Na si ile ya filamu za dukani yenye jalada la rangi, hiyo imejaa kila meza na hata ya bure siibebi. Natafuta ile iliyorekodiwa nyumbani, yenye maandishi ya mkono mgongoni.

Ugonjwa huu una chanzo chake. Nimekulia Tanga, Ngamiani. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994, lakini runinga zilikuwemo majumbani na kazi yake ilikuwa moja tu: deki. Baba mdogo alikuwa na deki ya National, ikifunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Mikanda tuliyoangalia ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Sura ya steringi huioni, unaona chenga zinampiga ngumi chenga mwenzake, na ukumbi mzima unashangilia. Kwa hiyo habari ya mtu kukaa sebuleni kwake, akabonyeza kitufe chekundu na kunasa kilichokuwa hewani jioni ile, sisi hatukuijua. Hewani hakukuwa na cha kunasa.

Mkanda wangu wa kwanza huku uliandikwa neno moja tu, Jumanne. Mtu alirekodi jioni nzima: habari, tangazo la sabuni, mvua ya kesho, kipindi cha kuchekesha, tangazo lile lile la sabuni. Saa sita. Niliangalia mpaka mwisho, nikaurudisha nyuma, nikaanza tena kwenye sabuni.

Sasa wiki mbili zilizopita niko upande wa Clintonville, Jumapili saa nane mchana. Huo ndio muda wangu, kwa sababu wenye nyumba wamechoka kukaa juani na bei zinaanguka zenyewe. Dada mmoja wa miaka arobaini hivi ananiambia boksi zima dola 5, na nikilibeba na boksi lenyewe atanishukuru. Mikanda 23. Inanuka kama stoo iliyovujiwa masika mazima, maana wanaihifadhi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na Ohio vyumba hivyo vina unyevu sana. Mama watoto ameshatoa tamko kwamba harufu hiyo ikifika sebuleni, nichague.

Mmoja kati ya hiyo 23 ndio umenileta hapa. Ni wa kampuni ya Scotch, aina ya T-120. Kwenye lebo mtu ameandika USIFUTE, kwa Kiingereza, wino wa bluu, herufi kubwa. Chini yake kuna mistari miwili, na ule wa pili umekandamizwa mpaka kalamu imetoboa karatasi. Kile kijino cha plastiki cha mgongoni kimevunjwa, halafu tundu lake limezibwa kwa kipande cha selotepu iliyogeuka rangi ya chai.

Nautia kwenye deki. Sherehe ya kuzaliwa. Pembeni pa picha kuna tarehe, Machi 10, 1990. Mtoto wa kike, mishumaa sita, keki ya umbo la sungura ambaye sikio moja limeshaanguka na kuegemezwa kwa kijiko. Babu amelala kwenye kochi akiwa na kofia ya karatasi kichwani. Kisha mwenye kamera anaiweka mezani bila kuizima, na kwa dakika 11 naangalia viatu. Viatu vya watoto, viatu vya wanawake, mbwa anapita, kipande cha keki kinaanguka, mbwa anarudi.

Sherehe inachukua dakika 50, halafu picha inakunjika, sauti inazama kama mtu aliyetumbukia kisimani, mistari myeupe inapita, na pakitulia tumo katikati ya mechi ya besiboli. Fainali zao, World Series. Mechi ile inaisha, mkanda unaruka, inaanza matayarisho ya mechi nyingine, kiwanja cha Candlestick Park kule San Francisco. Mtangazaji anaongea, wanaonyesha vipande vya mechi iliyopita. Ghafla chenga, picha inakatika, sauti inakatika, giza.

Nikajua deki imekula mkanda. Nikachomoa umeme, nikautoa taratibu. Mzima. Nikaurudisha nyuma. Pale pale, chenga. Nikaipiga deki kofi la ubavuni kama alivyokuwa akifanya baba mdogo. Chenga. Safari ya tatu nikauacha uende, ikaja picha iliyosimama yenye maandishi ya World Series, na baada ya muda sauti ya mtangazaji ikarudi kwa mbali kama ya simu. Ndipo nikaelewa. Ilikuwa Oktoba 17, 1989, tetemeko la San Francisco, ukubwa wa 6.9, watu 63 walikufa, na kituo cha ABC walikuwa hewani. Huku Ohio ilikuwa saa mbili na dakika nne usiku. Kofi nililoipiga deki nalijutia hadi leo.

Sasa naomba ushauri. Nataka kuihamishia kwenye kompyuta, lakini miwili ina vidoa vyeupe ndani, naviona kwenye kidirisha. Nataka pia kuweka baadhi YouTube, kuna watu wanapenda matangazo ya zamani kuliko hata mimi. Lakini nikifika kwenye mtoto wa keki, mkono unasita. Hela nimetoa, mkanda ni wangu. Na mtoto je?

Kinyozi wa Temeke

Mkuu, sisi huku tunakimbia mikanda ya harusi tulizochangia wenyewe, wewe unanunua sherehe ambazo hukualikwa? Mchango hukutoa, keki hukula, umelipa dola 5 kuangalia viatu. Watu wa Tanga mna mambo.

Fundi Deki Kkoo

Mgosi, nimefungua deki Kariakoo tangu wakati mteja anakuja nayo begani kwa basi. Sikiliza vizuri, kuna mambo ukikosea hayarudi.

Vile vidoa vyeupe ni ukungu. Mkanda wenye ukungu usiutie kwenye deki nzima hata kwa sekunde tano. Vumbi lake linabaki kwenye hedi, kile kigurudumu kinachosoma picha, na kwenye njia ya mkanda, na kila mkanda utakaofuata utaondoka na sehemu yake. Itenge hiyo miwili, iweke mahali pakavu mpaka ikauke kabisa. Siku ya kuisafisha toka nje na uvae barakoa, hilo vumbi si la kuvuta. Geuza kasha juu chini, utaona skrubu 5. Fungua ukiwa umekandamiza mfuniko kwa kiganja, maana kuna springi ndogo zitaruka na hutaziona tena. Piga picha kwa simu jinsi mkanda unavyozunguka kabla hujagusa kitu. Kisha unauzungusha kutoka gurudumu moja kwenda jingine ukipita kwenye kitambaa laini kikavu, taratibu, ukibadilisha upande wa kitambaa kila kikichafuka. Ukimaliza, magurudumu hayo yahamie kwenye kasha jingine safi. Makasha unayo, si una mikanda 23?

Mkanda uliokatika usiunge kwa selotepu. Hedi ya huko kwenu inazunguka mara 1,800 kwa dakika, ya huku 1,500. Gundi ikiyeyuka kwenye kitu kinachokwenda kasi hiyo, deki kwaheri. Uko utepe maalumu wa kuungia, au kata kipande kibovu ukubali hasara ya sekunde mbili.

Kusafisha hedi tumia spiriti ya asilimia 99, si ile ya kuchomea sindano yenye maji. Pamba usitumie, nyuzi zake zinang'ang'ania kwenye ncha. Chukua ngozi laini au karatasi ngumu iliyoloweshwa, ishike imetulia, halafu zungusha gurudumu la hedi kwa kidole. Usisugue kwenda juu na chini. Nimeona vijana wakivunja hedi namna hiyo, halafu wanakuja kuniuliza kwa nini ni chenga tupu.

Sasa ule mkunjo wa picha sherehe ilipoisha. Si ubovu. Kamera ilirekodi kwa SP, yaani mkanda wa T-120 unadumu saa 2. Mechi mwenye nyumba aliirekodi kwa EP, mwendo wa theluthi, ili apate saa 6. Deki ilikuwa inatafuta mwendo mpya. Kwa EP njia ya picha ni nyembamba mno, mikroni 19 badala ya 58, ndiyo maana deki iliyochoka inaisoma kwa tabu. Cheza polepole na trakingi, kile kitufe cha kulinganisha hedi na njia ya picha. Na piga hesabu: dakika 50 za keki zimefuta saa 2 na nusu za besiboli.

Kwenye kompyuta, kama deki ina tundu la S-Video tumia hilo, uache waya wa njano. Kile kidude cha bei chee cha kuchomeka USB kitakudanganya, picha itaruka na sauti itaachana na mdomo. Watu wanapitisha mawimbi kwanza kwenye mashine ya zamani ya kurekodi DVD, inatuliza picha. Hifadhi faili kubwa lisilopoteza ubora, gigabaiti 30 hivi kwa saa, la kubana zaidi utatengeneza baadaye. Na deki yako itunze kama mboni. Funai wa Japani ndio walikuwa wa mwisho kuzitengeneza na waliacha 2016. Baada ya hapo tunakula akiba.

Jambo la mwisho si la ufundi. Kijino kikivunjwa mkanda haurekodiki tena. Selotepu huwekwa na mtu anayetaka urekodike. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na watu wawili na nia mbili.

Binti wa Kibokoni

Assalaam aleikum. Kaka Mgosi, kwanza ahsante kwa viatu, nimecheka peke yangu jikoni mpaka chapati ikaungua.

Lakini kwa hilo la YouTube, mimi jibu langu ni la, na nitakueleza kwa nini.

Sisi Mombasa arusi ina siku ya kupamba. Bibi arusi amepambwa, ameketi juu, na ukumbini ni wake watupu. Buibui zote zimevuliwa mlangoni, watu wamevaa nguo ambazo hata ndugu zao wa kiume hawazijui, nywele wazi, dhahabu za kuazima, wanacheza mpaka viatu wanavivua. Mpiga video ni mwanamke, na hata waya wa umeme ukileta shida, fundi wa kiume haingii. Kanda ile ikitoka pale haikai kabatini pamoja na kanda za filamu. Yangu ni ya 1996. Iko ndani ya sanduku la mamangu, chini ya kanga, na sanduku lina kufuli. Deki yetu ilikufa 2008, tangu hapo sijaiona.

Watu huniambia, mpelekee fundi mjini aigeuze iwe ya simu. Fundi ni nani? Mwanamume. Ataketi na kanda yangu saa tatu dukani, na wateja wakiingia na kutoka. Na tafadhali musinambie ni yangu na nimeridhia. Mle ndani simo mimi pekee yangu. Mna wake zaidi ya mia, mashangazi, majirani, mwalimu wangu wa chuoni aliyekuwa hakuna aliyewahi kumuona nywele. Wengine wameshakufa. Nitamuuliza nani?

Wazungu labda hawajali, sijui. Yule mtoto wa keki hakuulizwa alipopigwa, hakuulizwa boksi lilipouzwa, basi naye wewe usiwe wa tatu. Matangazo ya sabuni weka upendavyo.

Mzee wa Ruwi

Binti, maneno yako mazito, ila nikukumbushe upande mwingine. Mimi niko Muscat tangu nikiwa kijana. Miaka ya themanini barua zetu zilikuwa kanda. Tunakaa sebuleni Ruwi, watoto wamevishwa, kila mmoja anasogea mbele ya kamera na kusema shikamoo bibi. Mtu akisafiri kwenda Unguja tunampa kanda aiweke kwenye begi la mkononi. Bibi yetu Vikokotoni hakuwa na deki, kwa hiyo inachezwa kwa jirani, na jirani akicheza mtaa mzima umo, hadi muuza urojo ameacha ndoo nje. Kisha tunaletewa salamu za watu tusiowajua: mwambieni yule mtoto mnene ale kidogo.

Kwa hiyo ziko kanda za kufungiwa na ziko kanda zilizotengenezwa zionwe. Aliyeishika kamera anajua ni ipi. Muulize.

Na nyie wa Bara mnaosema hewani hakukuwa na cha kunasa, poleni. Sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini.

Wakili Kona

Niko Maryland, nagusa sheria za huku kidogo, si ushauri rasmi.

Mkanda na picha zilizomo ni vitu viwili. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, kununua kasha hakukupi haki ya kazi iliyomo. Sherehe ile ni ya aliyeipiga, na ikiwa amefariki, ya warithi wake. Mechi nayo ina wenyewe. Mwenye nyumba kurekodi televisheni ili aangalie baadaye hakukosea. Sony walishtakiwa kwa hilo wakati wa Betamax, deki yao ya zamani, na Mahakama ya Juu ya huku iliamua Januari 1984, majaji 5 kwa 4, kwamba inaruhusiwa. Lakini uamuzi ule ulihusu kuangalia kwako. Kurusha kwa dunia nzima ni jambo jingine, na YouTube mwenye mali akilalamika wataishusha tu.

Hata hivyo usitupe kitu. Kulikuwa na mama Philadelphia, Marion Stokes, aliyerekodi habari za televisheni mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 30, deki kadhaa zikizunguka kwa pamoja, familia ikikatisha matembezi ili mkanda ubadilishwe kwa wakati. Alipofariki 2012 aliacha mikanda 70,000 hivi, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, waliipokea. Wakati wa uhai wake wengi walimwona kama Kinyozi anavyokuona wewe.

Kinyozi wa Temeke

Mimi nimesema tu hukula keki. Mengine ni yenu.

Mgosi wa Ohio

Wakuu nimerudi. Maneno ya Binti na ya Mzee wa Ruwi yalinikaa ghalani usiku mzima, na lile la Fundi la watu wawili na nia mbili ndilo lililonikosesha usingizi kabisa. Jumamosi nikaenda Clintonville.

Gereji imefungwa. Nikabonyeza kengele. Anatoka yule yule dada, ananitazama, ananitazama, halafu anaanza kutafuta mkoba: alidhani nimekuja kudai dola 5 zangu. Na lafudhi yangu hii, kumweleza kwamba nimekuja kumrudishia kitu ilichukua muda. Mwisho nikatoa simu, nilikuwa nimepiga picha skrini ya runinga wakati wa keki, nikampa.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Lile sikio la sungura nililiangusha mimi."

Ndiye mtoto mwenyewe. Ameniuzia sherehe yake mwenyewe kwa bei ya kikombe cha kahawa bila kujua, maana deki hawana tangu zamani, na yeye na ndugu zake walidhani boksi lote ni besiboli ya baba. Nikamwonyesha lebo, nikamwambia naona mama yako aliipenda sana siku ile mpaka akaandika usifute. Akacheka hadi akaketi kwenye ngazi.

Maandishi ni ya baba. Mzee alikuwa mtu wa Oakland, kazi ilimleta Ohio, na mwaka 1989 timu yake iko fainali dhidi ya majirani wa ng'ambo ya ghuba, San Francisco. Alirekodi kila mechi. Akaandika USIFUTE, mstari mmoja, akavunja kijino. Machi 10 wageni wako mlangoni, mama hana mkanda mtupu, duka mbali, akavuta wa kwanza aliouona akabandika selotepu. Zile dakika za viatu, mnakumbuka? Kuna sauti ya mwanaume nyuma ya kelele za watoto. Mimi niliisikia nikadhani anaulizia soda. Dada akanisogezea simu sikioni: baba anauliza, umetumia mkanda gani? Na mama, kwa sauti tamu kabisa, anajibu: mpya.

Baba alikuja kugundua kiangazi, alipoutia aangalie mechi ya pili. Dada anasema hakupiga kelele. Alichukua kalamu akaongeza mstari wa pili.

Wote wawili hawapo tena. Makubaliano yetu ni haya: sherehe naitia kwenye flashi namkabidhi, mtandaoni haiendi. Kipande cha mechi na tetemeko nifanye nionavyo, na Wakili ameshaniambia nisitegemee kitakaa. Mkanda wenyewe nilimpa, akaukataa. Alitaka lebo tu. Tukaibandua kwa mvuke wa birika jikoni kwake, ikatoka nzima na kitobo chake.

Katika iliyobaki, 17 ni besiboli kweli. Ile miwili ya ukungu aliyeisafisha si mimi. Mikono yangu ilitetemeka, springi ya kwanza ikarukia kwenye nyasi na mpaka leo iko huko. Mama watoto alikuwa ananiangalia dirishani, akatoka, akanipokonya bisibisi. Ni msusi, vidole vyake vimezoea vitu vyembamba kuliko mkanda. Saa moja na nusu, barakoa usoni, kitambaa baada ya kitambaa. Sasa ndiye anayeniambia nisiguse.

Na ndiyo maana nakuuliza, Binti. Yeye ni mwanamke, kazi ameijua, na chumba kina mlango. Shida ni kwamba deki yangu ni ya NTSC, mfumo wa picha wa huku, kanda yako bila shaka ni PAL, mfumo wa huko kwenu, hapa haitaonekana. Nitafute deki inayosoma zote?

Binti wa Kibokoni

Mwambie wifi Mungu amueke. Lakini kanda haipandi ndege, kaka. Haitoki mkononi mwangu hata kwenda Nyali.

Fundi Deki Kkoo

Haina haja ya kupanda ndege. Ninayo deki ya PAL hapa, nimeibadilisha belti na hedi nimeisafisha juzi. Naipakia kwenye basi la Dar kwenda Mombasa, inapita Tanga, inavuka Horohoro, kesho yake unaipokea. Naweka na kidude cha kuunganishia kompyuta. Wifi wa Ohio atakuelekeza kwa simu, ajue kabisa kwamba haonyeshwi runinga, anaonyeshwa nyaya tu. Mimi sipo kwenye simu hiyo. Ukimaliza utairudisha kwa basi hilo hilo. Kabla sijapakia niambie: kanda ni E-180 au E-240, yaani ya dakika 180 au 240? Ya 240 ni nyembamba, nitakuwekea maelekezo yake. Na kidirishani kuna weupe wowote?

Binti wa Kibokoni

Nimeitoa sandukuni sasa hivi. E-180, TDK. Weupe hakuna, ina harufu ya udi tu. Kijino nilikivunja mwenyewe usiku ule ule, na selotepu hakuna aliyethubutu. Basi lafika saa ngapi?